Ufunguo wa Ngazi ya Saba

Kijijini Cheddlow, mtu akiacha mlango wa friji wazi huambiwa amefunga Kitams. Mtoto akisahau kurudishia lango la bustani na kondoo wa jirani wakaingia kwenye kabichi, bibi yake atapiga kelele, "Kitams hicho!" Mume akitoka msalani zipu iko chini, mkewe atamwambia mbele ya wageni, "Baba nanihii, mbona Kitams?" na wageni watacheka mpaka chai iwapalie. Wengi wanaocheka hawajui hata kwamba Tams ni jina la mtu. Wanadhani ni neno tu la hapa Staffordshire, kama mengine.

Dorcas Tams alijua. Alikuwa na miaka sitini na saba, na tangu ana mitano alikuwa akilisikia neno hilo shuleni, dukani na kanisani. Alilisikia hata mazishini, siku mchimba kaburi aliposahau kufunga lango la makaburi na mbwa akaingia. Alipoolewa alikataa kubadili jina, mumewe akanuna mwaka mzima. "Nikiliacha," alimwambia, "watasema tumelitupa kwa kuwa ni bovu."

Baba yake, Wilmot Tams, alikuwa mlinzi wa Ngazi ya Saba kwenye mfereji wa Cheddlow. Ngazi hizo si za kupanda kwa miguu. Ni vyumba vya mawe vyenye milango mikubwa huku na huku: maji yakiingizwa, mashua inapanda, yakitolewa, mashua inashuka, na ndivyo mashua zilivyovuka vilima. Mwezi Februari 1949, usiku wa barafu, vizibo vya Ngazi ya Saba, mbao za kuzuia maji milangoni, viliachwa juu. Maji ya maili nne yakateremka yote kwa pamoja, tuta la bondeni likapasuka, na nyumba mbili zikabebwa. Bibi Oakden, mjane aliyelala chumba cha chini kwa sababu ya magoti, akafa kitandani mwake.

Wilmot aliapa mbele ya wakubwa wa kampuni kwamba alivishusha vizibo vyote kabla giza halijaingia, na kwamba lazima kuna mashua iliyopita baadaye. Akaulizwa, mashua ipi? Hakuna aliyejitokeza. Watu wa mashua, mmoja baada ya mwingine, walisema hawakuwa karibu. Akafukuzwa kazi, akatolewa kwenye nyumba ya mlinzi na mke na mtoto, akaishia kufagia kiwanda cha vikombe mpaka kifo chake.

Na mfereji nao ukafa. Tuseme ukweli, ulikuwa unaumwa siku nyingi. Ulichimbwa kwa majembe zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na sakafu yake ni udongo mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu ya watu na ng'ombe hadi ukashikana usipitishe hata tone. Makaa yalipita hapo, na sahani zilipita hapo kwenda kutumiwa na watu wasiojua Cheddlow iko wapi. Kisha reli ikaja ikamega nusu ya mzigo, malori yakaja yakakomba iliyobaki. Vita vilipoisha, wenye kampuni walikuwa wanatafuta kisingizio tu cha kuufunga, na Wilmot Tams akawa ndicho kisingizio chenyewe. Halmashauri ikazijaza zile ngazi majivu, matairi, majiko yaliyooza na piano moja, ikapanda nyasi juu yake. Ungepita hapo usingejua kama paliwahi kuwa na maji.

Walioufufua ni watu wa kujitolea, kila Jumapili, kwa mabuti ya mpira na chai ya chupa. Dorcas alijiunga nao akiwa hajui kushika sepetu. Hakuja kwa mapenzi ya maji. Alikuja kwa sababu chini ya takataka za Ngazi ya Saba kulikuwa na tope la mwaka 1949, halijaguswa na mtu, na kama baba yake alisema kweli, basi tope lile linajua. Alichimba miaka kumi na tisa.

Ajabu ni kwamba Ngazi ya Saba ndiyo iliyofukuliwa mwisho. Kila mwaka ilipatikana sababu. Mara ukuta wake hauaminiki, mara popo wasisumbuliwe, mara tuanze na ya Tisa maana ina mandhari nzuri kwa wafadhili. Dorcas alisaga meno akasubiri.

Aliyemtuliza miaka yote hiyo ni Mzee Japheth Rudge, ambaye kikosi kizima kilimwita Mjomba. Alikuwa na miaka sabini na tisa, kifua kikimpiga filimbi, na ndiye pekee aliyebaki pale aliyezaliwa ndani ya mashua. Milango mipya ilipotengenezwa yeye ndiye aliyesema mbao zikae vipi. Udongo ulipokanyagwa upya yeye ndiye aliyewapanga watu wazima kwenye mstari, wamekunja suruali, akawaimbisha. Dorcas alimpenda kama mzazi.

Mjomba ndiye aliyemfundisha kusoma funguo. Ufunguo wa mashua ni chuma kilichopinda, kama kile cha kuwashia lori la zamani. Unauchomeka juu ya mlango wa ngazi, unazungusha, na kizibo cha ubao kinapanda maji yapite chini. Bila ufunguo kizibo hakipandi. Na kikishapanda, bila ufunguo hakishuki. Kila ukoo ulikuwa na wake, na kwa kuwa watu wa mashua hawakujua kusoma (shule gani itamngoja mtoto anayelala leo hapa, kesho maili ishirini mbele?), waliandika kwa tupa. Juu ya mpini waliweka alama ya ukoo, na chini yake mkato mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa humo chomboni.

"Sisi Rudge ni msalaba uliolala," Mjomba alimwambia siku moja, akimchorea kwa kijiti kwenye matope. "Chini yake, wa kwanza mimi. Wa pili Keturah. Amosi na Hosea, hao hapo. Halafu Tirzah, kitinda mimba. Huyo alizaliwa Januari ya arobaini na tisa, barafu imeshika maji. Baba akaukata mkato wake mikono ikitetemeka, ukaenda upande kama mkia wa panya. Tulicheka sisi!"

"Na ufunguo wenyewe uko wapi, Mjomba?"

"Ulipotea, mwanangu. Mbali huko, mifereji ya kusini. Hapa Cheddlow tuliondoka kabla ya Krismasi, na hatukurudi tena mpaka nimekuwa mtu mzima."

Sasa ulikuwa mwaka 2011, mwezi Mei, na ufunguzi umepangwa Jumamosi. Mwenyekiti wa kikosi, Bwana Clement Aspinall, mwalimu mkuu mstaafu aliyezungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa darasani, alikuwa ameshatengenezesha kibao cha shaba cha kusimamishwa kando ya ngazi. Dorcas alikisoma mara mbili. *Mfereji ulifungwa mwaka 1949 baada ya mlinzi wa Ngazi ya Saba kuviacha vizibo wazi.*

"Hukuweka hata neno 'inasemekana'," Dorcas alimwambia.

"Dorcas, dada yangu, historia ni historia. Taarifa ya kampuni ndivyo inavyosema. Niletee ushahidi, na mimi mwenyewe nitakifuta kwa msasa."

"Na nisipoupata?"

"Basi Jumamosi tunakivua kitambaa."

Kitambaa kikivuliwa, Kitams si utani tena. Kimekuwa shaba.

Alhamisi mchana ilibaki kazi moja tu: kusafisha tundu la ukutani linaloingiza maji chini ya ngazi. Lilikuwa limeziba tope gumu, jeusi, lenye harufu ya mayai. Dorcas, kwa kuwa ni mwembamba kuliko wote, alilala kifudifudi mdomoni mwa tundu akawa anakwangua kwa mwiko na kutupia ndoo. Juu yake, Barnaby wa katapila alikuwa anakula mkate wenye nyama ya nguruwe na kudondosha makombo.

Mwiko uligonga chuma. Dorcas akavuta, kikagoma, akavuta tena, kikatoka kwa sauti kama busu.

"Umepata dhahabu, mama?" Barnaby aliuliza.

"Ufunguo."

"Wa kumi na tano huo. Tupia ndoo, tutauza chuma chakavu."

Hakuutupa. Aliusuuza kwenye dimbwi, akapitisha kidole gumba juu ya mpini, polepole, kama alivyofundishwa. Alama ya ukoo ilikuwa msalaba uliolala. Akatabasamu, Mjomba atafurahi, kumbe ufunguo wao mmoja ulibaki hapa. Chini yake mkato, umelika, laini. Mkato wa pili, wa tatu na wa nne, yote imelika kwa viganja vya miaka. Kidole kikashuka tena.

Mkato wa tano ulikuwa mkali. Ulimkwaruza ngozi. Nao ulikwenda upande kama mkia wa panya.

Dorcas alibaki amelala pale pale kwenye tope. Alihesabu upya kuanzia juu. Alihesabu kuanzia chini. Tirzah alizaliwa Januari ya arobaini na tisa. Mfereji ulikauka Februari ya arobaini na tisa. Ufunguo uliopotea mbali huko, mifereji ya kusini, wa watu walioondoka kabla ya Krismasi, ulikuwa mkononi mwake, umetoka kwenye tope la Ngazi ya Saba.

"Mama? Vipi, umekwama?"

Alijiburuta kutoka tunduni. Miaka kumi na tisa alikuwa amejiandaa kwa furaha ya siku hii, hata maneno ya kusema alikuwa nayo, na sasa siku imefika na furaha haipo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hawakusema kwamba kitakuwa kimekufunika blanketi ukiumwa, na kukuletea supu.

Mjomba alikuwa ndani ya nyumba ya mlinzi. Kikosi kiliikarabati kuwa chumba cha chai na makumbusho madogo, na ufunguo wa Wilmot Tams mwenyewe ulitundikwa ukutani kwenye msumari, Dorcas ndiye aliyeutoa. Mzee alikuwa anakula chapati ya oti yenye jibini. Dorcas alisimama mbele yake akichuruzika tope, akauweka ufunguo mezani kando ya sahani.

"Mjomba, hebu nisomee."

Mzee akaanza kupapasa mifuko kutafuta miwani, na miwani iko puani. "Chuma cha zamani hicho," alisema.

"Nisomee. Mimi nimeshasoma, naomba niambiwe nimekosea."

Akaushika. Kidole chake kilishuka kwenye mpini kwa mazoea, moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano kikasimama. Filimbi ya kifua nayo ikasimama, na kwa muda Dorcas alidhani mzee amekufa mbele yake.

"Tirzah," Mjomba alisema.

"Mlikuwa hapa."

"Tulikuwa hapa."

Dorcas akakaa. Alikuwa bado anategemea, mpumbavu yeye, kwamba mzee atacheka na kueleza jambo ambalo hakulifikiria.

"Baba alitaka tuwahi foleni ya kupakua mzigo mjini," Mjomba alisema, akiuangalia ufunguo tu. "Mashua tatu zilikuwa mbele yetu zimelala. Kusafiri usiku kulikatazwa. Akanituma mimi nishike ngazi, yeye ashike farasi. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

"Foleni."

"Foleni, mwanangu."

"Bibi Oakden alikufa kwa ajili ya foleni?"

"Nilishavipandisha vyote kwa haraka, kimoja cha juu, viwili vya chini. Nikarudi kukishusha cha juu. Mikono imekufa ganzi. Ufunguo ukaponyoka. Nikausikia tu: chubwi." Aliugeuza ufunguo kiganjani. "Hatukuwa na mwingine. Na bila ufunguo…"

"Najua bila ufunguo! Umenifundisha wewe!" Sauti ilimtoka Dorcas kwa nguvu mpaka vikombe vikalia. "Baba yangu alikuwa na ufunguo! Ule pale! Alikuwa amelala humu humu!"

"Hatua thelathini," Mjomba alisema. "Nilizihesabu. Nilifika kwenye mlango huo. Nikanyanyua mkono, hivi."

"Ukabisha?"

"Nikaushusha."

Dorcas alimtazama. Kati ya yote aliyoyawaza katika maisha yake, wezi, walevi, hila za wenye kampuni, hakuwahi kuwaza mkono ulionyanyuliwa na kushushwa.

"Ulimwogopa baba yangu?"

"Nani angemwogopa Wilmot Tams? Alikuwa anatupa maandazi. Nilimwogopa wangu. Tungeandikwa tumepita usiku, angenivunja mbavu. Nikajiambia, mlinzi atasikia maji ataamka. Baba akapiga farasi, tukaenda. Kesho yake tukasikia. Akatuapisha sote na mama tusiseme."

"Unajua baba yangu alikuwa anaamka mara ngapi usiku?" Dorcas alisema. Sasa sauti ilikuwa ya chini, na ilimtisha hata yeye. "Mara saba. Anashika komeo la mlango, anarudi kulala, anaamka tena. Mama anamwambia umefunga, Wilmot, umefunga, nimekuona mimi. Miaka ishirini na mbili. Na wiki aliyokufa aliniita akaniambia, 'Dorcas, labda ni kweli nilisahau.' Unanisikia, Mjomba? Mpaka yeye mwenyewe aliamini."

Mzee alifunika uso. Machozi yalipita kati ya vidole yakadondokea kwenye chapati. Na Dorcas, Mungu amsamehe, alikuwa ameanza kumwonea huruma, ndipo mzee aliposema neno ambalo lilimshtua kuliko ufunguo.

"Utupe majini, mwanangu."

"Nini?"

"Utupe. Kesho kutwa nikifungua maji watu watanipigia makofi, mara moja tu. Nimebakiza kifua hiki kibovu, mwaka huu siumalizi. Nikishakufa sema utakalo. Nami nimeulipa mfereji huu, wewe shahidi, nimechimba mpaka kucha zikang'oka."

Hapo ndipo lilipomwingia kichwani lile la popo, na ukuta usioaminika, na mandhari ya Ngazi ya Tisa. Nani alikuwa akiyasema mikutanoni? Nani, kila mwaka, akikohoa kwanza?

"Kumbe ulikuwa unachimba kila mahali," alisema, "ili tusichimbe hapa."

Aliuchukua ufunguo akatoka. Mlango aliuacha wazi nyuma yake, mara ya kwanza maishani.

Ijumaa alikwenda kwa Bwana Aspinall akamweleza yote, mkato kwa mkato. Mwalimu mkuu mstaafu alitoa kioo cha kukuzia, akatazama, akashusha pumzi.

"Dada, mimi naona mikwaruzo."

"Ni majina."

"Kwako wewe. Nani mwingine anaweza kuyasoma?"

"Japheth."

Aspinall alishtuka kidogo, maana hata yeye alimpenda mzee. "Basi Japheth aje aseme. Nikimwandika mtu wa watu kwa sababu ya mikwaruzo mitano, nitakuwa nimemfanyia yeye kilekile walichomfanyia baba yako. Hilo unaliona?"

Dorcas aliliona, na ndilo lililomkera. Aliubeba ufunguo mpaka nyumbani kwa Mjomba, akautundika kwenye kitasa cha mlango wake kwa uzi, bila kubisha.

Jumamosi kijiji kizima kilikuja, na vijiji jirani, na bendi ya tarumbeta ya kiwanda cha zamani, na meya mwenye mkufu shingoni kama farasi wa harusi. Kibao kilisimama kando ya ngazi, kimefunikwa kitambaa cha bluu. Dorcas hakwenda kusimama nao. Alijifungia ndani ya nyumba ya mlinzi, akakaa meza ile ile, akaligeuzia dirisha mgongo. Kama jina la baba yake litavuliwa nguo hadharani, macho yake hayatakuwepo.

Lakini masikio hayafungwi. Alimsikia Aspinall akihutubia. Alimsikia meya akikosea kulitamka jina la kijiji. Akasikia, "Na sasa, Mjomba wetu Japheth Rudge atatufungulia maji!" na makofi, makofi mengi, mpaka akatamani kuziba masikio kwa mikate.

Kisha mlio wa meno ya chuma, ka-ka-ka-ka, kizibo cha juu kikipanda. Kimya kidogo, mzee akivuka daraja. Tena ka-ka-ka, kizibo cha chini. Na cha pili.

"Mjomba, vya chini bado!" Barnaby alipaza sauti huku akicheka. "Maji yatapita moja kwa moja! Shusha cha juu kwanza!"

Maji yalikuwa yanavuma. Dorcas aligeuza kichwa bila kutaka.

Chubwi.

"Lo! Mzee kaangusha ufunguo!" mtu alisema, na umati ukaangua kicheko. "Kitams! Kitams hicho!" Bendi ikapiga tuni ya mzaha. Kicheko kilipanda, kisha kikapungua, kisha kikakatika kabisa, kama watu wameona kitu. Aspinall alisikika akiita, "Japheth? Japheth, unakwenda wapi? Vizibo viko juu!"

Hatua za mzee zilikuwa nzito na zenye kukokota. Dorcas alizihesabu. Moyo ulimdunda kiasi kwamba alikosa ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Ya ishirini. Ya ishirini na tano. Kifua chenye filimbi kikaja karibu, karibu zaidi, kikasimama nje ya mlango. Kwa muda hapakuwa na kitu ila maji yakimwagika, na Dorcas aligundua kwamba ameshika meza kwa mikono yote miwili na kwamba anasema kimoyomoyo, bisha, bisha, bisha, wewe mtu, bisha.

Mlango ukabishwa. Mara tatu.

"Bwana Tams!" Mjomba aliita. Aliita kwa sauti yote iliyobaki kifuani, watu mia tatu wakiwa nyuma yake. "Bwana Tams, samahani kwa kukuamsha! Mimi Japheth, wa mashua ya Rudge! Tumepita usiku, ufunguo wetu umeanguka majini, na vizibo nimeviacha juu! Ni mimi niliyeviacha! Wewe ulifunga!"

Huko nje bendi ilishusha tarumbeta. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu," na vilio na minong'ono vikaenea kama maji yenyewe. Dorcas alikuwa analia, alikuwa na hasira, alitaka kumkumbatia mzee yule na kumtumbukiza mferejini kwa wakati mmoja. Lakini vizibo vilikuwa juu, maji ya maili nne yalikuwa yanateremka, na bondeni kulikuwa na nyumba za watu.

Aliufikia ukuta, akaushusha ufunguo wa baba yake kwenye msumari.

"Nakuja," alisema. "Ngoja nivae buti."